Umerudi Kazini na Nguo Zimekataa? Anza na Futi ya Fundi

Jumatatu yangu ya kwanza kurudi kazini baada ya mtoto wa pili nilivaa ile sketi ya kijivu niliyokua naipenda sana kabla ya mimba. Zipu ilipanda vizuri mpaka katikati ikagoma. Nikavuta pumzi, nikalala kitandani nikavuta tena, wapi. Saa inaenda, mtoto analia, tuktuk imepiga honi nje, basi nikachukua pini ya nepi nikashikanisha nikavaa bleza juu ifiche. Sasa wewe unajua Kisumu ilivyo, kufika saa nne joto limeshapanda na siwezi kuvua bleza juu nikivua watu wataona pini. Nikainama kuchukua karatasi kwenye fotokopi, pini ikafunguka ikanidunga mgongoni, nikapiga kelele kama mtu ameona nyoka. Ofisi nzima iligeuka.

Hio jioni niliingia nyumbani nimekasirikia mwili wangu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba mwili haukua na makosa yoyote, makosa yalikua ya sketi na ya mimi kusubiri mpaka Jumatatu asubuhi ndio nijue kama inanitosha. Wengi wetu tunafanya hivyo. Alafu tukishachomeka tunakimbia kununua gauni jipya, gauni nalo halikai vizuri, tunajilaumu tena. Mimi nimegundua mpangilio ni mwingine kabisa, pesa ya kwanza iende kwa sidiria, ya pili kwa fundi, na ikibaki ndio uende soko la Kibuye kutafuta mitumba. Nitaeleza hatua kwa hatua vile nilifanya, wewe utachukua yanayokufaa.

Wiki mbili kabla ya kuripoti

Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi 3 ya likizo ya uzazi na mshahara kamili. Maana yake mama wengi wanarudi mtoto akiwa na wiki kama 13 hivi, na kliniki wanakuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Piga hesabu, uko na miezi mitatu ya kuwa ofisini na maziwa yanatoka. Hapo hapo ndio nywele zinaanza kutoka mbele, ndio tumbo bado halijarudi, na kama ulifanyiwa upasuaji, kovu bado linawasha ukivaa kitu kigumu. Kwa hivyo usinunue nguo ukiwa na wiki mbili tangu ujifungue, bado unavimbuka, na pia usingoje Jumapili usiku. Wiki mbili kabla ya kurudi ni wakati mzuri.

Siku ya kwanza toa nguo zote za kazi utupe kitandani. Zote, hata ile unajua haiingii. Mpe mtoto mtu amshike, hii kitu inataka saa moja bila kukatizwa. Vaa moja moja, na ukivaa usisimame tu mbele ya kioo umenyooka kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Kaa kwenye kiti. Inama uokote kitu. Inua mkono juu kama umeshika chuma ya matatu, angalia kama blauzi imepanda ikaacha tumbo nje. Mbebe mtoto kidogo, shusha. Nguo ikikubali hayo yote iko sawa, ikikataa moja haiko sawa, hata kama kwa kioo inapendeza.

Mwishowe utakua na malundo matatu. Zinazotosha leo. Zinazokaribia kutosha, yaani zinabana inchi moja ama mbili. Na zile ambazo kwa sasa ni ndoto. Lundo la tatu lifunge kwa mfuko uweke juu ya kabati, sio kwa macho, juu ukiziona kila asubuhi zinakuharibia siku kabla hujapiga mswaki. Lundo la pili usiliguse kwanza, hilo ni la fundi.

Pima, na uandike

Nunua futi ya fundi, ile ya kukunja, haifiki bei ya nauli ya kwenda na kurudi mjini. Mimi nilikua nimekataa kujipima miezi mizima, niliogopa namba. Lakini namba ni kama bei ya nyanya tu, ukiijua unapanga, usipoijua unaibiwa.

Pima ukiwa umevaa sidiria nyembamba, simama kawaida, usivute tumbo. Pima chini ya matiti, futi ikaze kidogo. Pima juu ya chuchu pale matiti yamejaa zaidi, futi ilegee. Pima kiuno mara mbili, mara moja pale mwili unaingia ndani na mara nyingine kwenye kitovu, utashangaa hizo mbili zinatofautiana vile. Pima makalio pale yametokeza zaidi. Mwisho, kuna kipimo ambacho mafundi wazuri wanachukua na sisi tunasahau, kutoka begani karibu na shingo, kupita juu ya titi, mpaka kiunoni. Matiti yakijaa hicho kipimo kinaongezeka mbele, ndio sababu gauni linapanda mbele na kukaa chini nyuma, na wewe unashinda ukivuta vuta siku nzima ukidhani ni wewe umesimama vibaya.

Andika kwa simu pamoja na tarehe. Utahitaji tarehe baadaye.

Sidiria, na hapa usibane mkono

Dada, ukiwa na shilingi elfu mbili peke yake za kurudi nazo kazini, weka zote hapa. Sidiria isipokaa vizuri hakuna blauzi itakaa. Nilikua navaa 36B kutoka chuo, nikaendelea kununua 36B miaka yote kama mtu amepewa hio namba na serikali. Nilipopima chini ya matiti nilipata inchi 33 na juu 38.

Hesabu iko hivi. Kipimo cha chini kama ni namba ya shufwa chukua hicho hicho, kama ni witiri panda moja, kwa hivyo 33 ikawa 34. Alafu toa 34 kwa kile kipimo cha juu, 38, inabaki 4. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Nikawa 34D. Nilicheka peke yangu, D mimi! Lakini nilipoivaa mgongo uliacha kuuma na zile nyama za kwapani zilizokua zinanitesa zikapotea, kumbe haikua mafuta, ilikua titi limekosa pahali pa kukaa. Ukikosa saizi yako dukani jaribu ya jirani, 34D na 36C vikombe vyake ni sawa, tofauti ni mkanda tu.

Kama unanyonyesha, pima katikati ya muda, sio mtoto akitoka tu kunyonya na sio wakati yamejaa mpaka yanauma, juu kati ya hizo nyakati mbili mwanamke anaweza kutofautiana kikombe kizima. Chukua isiyo na waya. Waya ukikandamiza titi lenye maziwa sehemu moja siku nzima unaweza kuziba mfereji, uvimbe uanze, na ukishapata homa ya titi utajua hujui. Ukiijaribu mpya, ifunge kwenye ndoano ya nje kabisa, ile ya kulegea. Ikikaza vizuri hapo ni nzuri, juu elastiki itaenda ikilegea na wewe utakua unarudi ndani ndoano moja moja. Ikikutosha ukiwa kwa ndoano ya ndani kabisa, baada ya miezi miwili imekwisha. Kwa hio sababu mimi sinunui sidiria ya mtumba, elastiki yake imeshafanyia mtu mwingine kazi.

Tatu zinatosha. Moja mwilini, moja kwa kamba, moja kavu kwa kabati.

Tumbo

Nitasema haraka hapa juu watu wameshauziwa vitu vingi. Zile baika za kukaza na mikanda ya kubana tumbo haziyeyushi mafuta. Zinashikilia tu, ukivua linarudi. Kwa mtu ametoka upasuaji usiweke kitu kigumu juu ya kovu kabla daktari amekuangalia, na kwa joto la Kisumu hiyo baika ya nailoni saa nane mchana itakupa upele chini ya tumbo ambao utaujutia. Ukitaka kitu cha kushikilia, chupi ya pamba inayopanda mpaka juu ya kitovu inatosha, isiyobana.

Lakini kuna kitu hatuambiwi. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na uguse katikati ya tumbo juu ya kitovu. Ukisikia vidole viwili ama zaidi vinazama kwenye mfereji, hio inamaanisha misuli ya tumbo imeachana na haijarudiana. Ni jambo la kawaida baada ya mimba, kuna mazoezi yake, na hospitali kubwa kama Jaramogi, hio sisi tunaiita Russia, ziko na watu wa fizio. Usianze kupiga sitapu kwa hasira, zinaweza kuongeza shida.

Kwa nguo sasa. Suruali na sketi ziwe na mkanda unaokaa juu ya kitovu na upana wa kutosha, sio ule mwembamba unaokata tumbo pande mbili. Kwa mama wa upasuaji hata ni afadhali zaidi, juu mkanda wa chini unakaa pale pale kwa kovu. Blauzi iwe ya kushuka tu yenyewe, inayogusa mwili kwa mabega na kifuani alafu inaachilia. Isiwe gunia. Nilijaribu gunia mwezi mmoja, nilidhani najificha, kumbe nilionekana mkubwa kuliko nilivyo na bosi akaniuliza kama niko na mwingine njiani.

Kwa fundi

Fundi wangu anakaa kwenye veranda ya duka moja, mzee, mashine ya kukanyaga na mguu na pasi ya makaa. Nilimpelekea lundo la pili lote, nguo sita. Nilidhani ataniambia nitoe pesa ya kitambaa kipya. Alichukua ile sketi ya kijivu akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwa mshono wa pembeni polepole kama mtu anasoma.

"Mama, hapa kuna nafasi. Umebebana na kitambaa chako mwenyewe."

Alinionyesha. Ndani ya kila mshono kuna kitambaa kimebaki, nguo nzuri inakuwa na nyingi, nguo ya bei rahisi imekatwa pembeni kabisa ya uzi. Sketi ina mishono miwili ya pembeni, kila mshono ni vipande viwili vimeungana, kwa hivyo ni vipande vinne. Kama kila kipande kina robo tatu inchi imejificha ndani, fundi anaweza kuachilia nusu inchi kwa kila kimoja na bado akabaki na robo ya kushonea. Nusu mara nne ni inchi mbili. Inchi mbili ndio zilikua zinanikataza zipu!

Kabla hajafungua yote, alikata uzi kwa wembe sehemu ndogo chini karibu na pindo akachungulia. Hii ni muhimu, na fundi wako asipofanya mwambie afanye. Kitambaa cha ndani hakijapigwa na jua, kinaweza kuwa na rangi nzito kuliko cha nje, ukiachilia mshono unabaki na mstari kama barabara. Yangu ilikua na tofauti kidogo sana, akasema ikifuliwa mara mbili itapotea, na kweli. Satini na vile vitambaa laini vinavyong'aa usijaribu, matundu ya sindano ya zamani hayatoki. Pamba na sufu yanaziba ukinyunyiza maji na kupiga pasi.

Shida inakuja kwa mkanda wa kiuno. Mkanda hauna nafasi ndani, umekatwa sawasawa. Kwa hivyo aidha anaongeza kipande pembeni pale mkono wako unafunika, ama anakata mkanda nyuma anatia elastiki pana, ya inchi moja na nusu hivi, mbele inabaki flati kama ilivyokua. Mimi nilichagua elastiki kwa suruali zote mbili. Blauzi inafunika, hakuna mtu anajua, na siku umekula ugali na samaki mchana unashukuru Mungu.

Vitu vingine niliomba afanye. Blauzi za vifungo zilikua zinaachana kifuani, akashona kifungo kidogo cha chuma cha kubana kwa ndani, katikati ya vifungo viwili pale kunaachana, hata nikinyoosha mkono haifunguki. Gauni moja lilikua na dati za kifuani, ile mikunjo inashonwa nguo ifuate umbo la titi, zimekaa juu sana, matiti ya kunyonyesha yameshuka kidogo si ni ukweli tu, akazishusha inchi moja. Na gauni jingine la zipu ya mgongo, ambalo huwezi kukamua maziwa bila kuvua lote, akaniwekea zipu fupi iliyofichwa kwa mshono wa mbele. Bei tulielewana kwa jumla kabla aanze. Usiache nguo kwa fundi bila kuelewana bei na siku, na ukiambiwa Ijumaa we panga Jumatatu ijayo, mafundi ni watu wa kuombewa.

Lingine, mwambie asikate kitambaa kinachobaki ndani. Nitarudi kwa hio.

Sasa ndio Kibuye

Baada ya fundi utajua ni nini inakosekana kabisa, na sio vingi. Mimi nilibaki nikihitaji blauzi tatu, suruali moja na gauni moja. Ukiwa na suruali mbili na sketi moja za rangi moja ya msingi, nyeusi ama bluu nzito ama kahawia, na blauzi tano zinazokubaliana na zote, umeshapata mavazi kumi na tano tofauti, na nani atakumbuka ulivaa nini Jumanne ya wiki iliyopita?

Soko la Kibuye kubwa ni Jumapili. Ukifika asubuhi mapema ukakuta bale inafunguliwa utapata kamera, zile za kwanza, bei iko juu lakini nguo iko safi. Ukifika jioni ni kelele za hamsini hamsini na wewe unapekua fagia, yaani masalio. Yote ni sawa, lakini mama wa mtoto mchanga hana nguvu ya kupekua saa tatu, kwa hivyo mimi naenda asubuhi na orodha na nikimaliza orodha natoka. Vaa taiti na fulana ya kubana ndio uweze kuvalia nguo juu yake hapo hapo bila kutafuta pa kujificha.

Lebo isikudanganye. 14 ya Uingereza ni sawa na 10 ya Marekani na karibu 42 ya nchi nyingine za Ulaya, kwa bale moja zote tatu ziko zimechanganyika, na hata kampuni mbili za nchi moja haziko sawa. Toa futi. Laza nguo kwa meza, pima kiuno upande mmoja zidisha mara mbili, linganisha na namba kwa simu yako, ongeza inchi mbili za kupumua kwa makalio. Alafu angalia kwapa kama kuna doa la njano, hilo halitoki. Angalia kati ya miguu kwa suruali, weka mkono ndani uinue kwa jua uone kama imeisha. Panda na kushuka zipu mara tatu. Geuza ndani uangalie mshono una nafasi kiasi gani, sasa wewe ni fundi.

Na fanya hivi, finya kitambaa kwa ngumi uhesabu mpaka kumi, achilia. Kikibaki kimekunjana kama karatasi ya kufungia mandazi, kiache hapo hata kama rangi imekuita kwa jina. Na mtoto mchanga nyumbani nani atapiga pasi saa kumi na moja asubuhi, na stima nayo ikipotea?

Kitenge pia ni rafiki wa mama anayenyonyesha, maua yake yanaficha maziwa, yanaficha kucheua kwa mtoto, yanaficha hata mchuzi. Lakini kiloweke ukianike kabla fundi hajakata, kitenge cha pamba kinaingia ndani mara ya kwanza kufuliwa na ukishona kabla, utapata gauni la mdogo wako.

Joto, jasho, na hiyo safari ya asubuhi

Wanaofanya kazi ofisi za Nairobi wanatushauri suti. Sisi huku karibu na ziwa mchana wa Januari na Februari inapita digrii 30, na mama anayenyonyesha anatoka jasho kuliko kawaida, homoni. Polista nzito inafunga joto ndani. Tafuta pamba, lineni, ama ile rayoni nyepesi inayoteleza. Kwa rangi, kijivu na bluu ya mawingu ndio zinaonyesha jasho kabisa, nyeupe, nyeusi, bluu nzito na za maua zinaficha. Bleza yako iache ofisini nyuma ya kiti, ya mitingi na ya ile eyasii ambayo kuna mtu mmoja kila ofisi anaiweka baridi kama ya mochari. Rafiki yangu yuko Nakuru, yeye shida yake ni kinyume, saa kumi na mbili asubuhi baridi inauma na mchana jua, kwa hivyo anavaa kardigani ya vifungo mbele juu ya blauzi nyepesi, na hio kardigani inamsaidia pia kujifunika maziwa yakivuja.

Fikiria pia unafika vipi. Sketi ya kubana kwenye boda inakulazimisha ukae upande, na hio ni hatari, umeacha mtoto nyumbani. Suruali, ama sketi iliyopanuka, ama beba leso ujifunge. Viatu vya kutembea navyo, vya ofisi kwa droo.

Kuhusu viatu, mimba inalegeza viungo hata vya mguu, na wengi mguu unaongezeka nusu saizi ama saizi nzima na haurudi tena. Viatu vyako vya zamani vikikufinya haviko na wivu, toa tu. Nunua vipya jioni mguu ukiwa umevimba, kisigino kisizidi inchi mbili kwa sasa.

Maziwa saa za kazi

Pedi za matiti, za kununua ama za kujishonea kwa vipande vya fulana kuukuu ya pamba, vitatu vitatu vimeshonwa duara. Badilisha zikilowa, ukikaa na maji hapo unaweza kupata fangasi, na mtoto akapata mdomoni. Blauzi ya akiba kwa droo, ya rangi nzito, na mfuko wa plastiki wa kuweka iliyochafuka. Maziwa yakidondoka kwa nguo suuza na maji baridi, sio moto, moto unayapikia kwenye kitambaa na doa linakaa.

Ukihisi yanakuja katikati ya mitingi, kunja mikono kifuani ukandamize na viganja kwa sekunde chache kama mtu anasikiliza sana. Inasimamisha. Nimesikiliza bajeti nyingi hivyo.

Nguo za kazi za miezi hii zifunguke mbele, ama ziwe vipande viwili. Gauni la kukunja mbele na kamba pembeni ni zuri mno, weka tu kile kifungo cha chuma kifuani. Na ujue haki yako, Sheria ya Afya ya 2017 inasema mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha ama kukamua, na isiwe chooni, na akupe muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, juu ya mapumziko ya kawaida, na hio saa inahesabiwa kazi. Mimi mahali nilikua wakati huo walinionyesha stoo ya karatasi. Nilipeleka kiti changu, ndoo ya barafu na leso ya kufunika dirisha, nikaandika barua ya heshima kwa wakubwa nikitaja hio sheria. Friji ndogo ilikuja baada ya mwezi mmoja na nusu.

Kichwani, na midomo ya watu

Nywele zikianza kutoka mwezi wa tatu ama wa nne usisuke za kuvuta, ndio utamaliza hata zilizobaki. Mistari milegevu, ama kata fupi kabisa, ama kitambaa kizuri cha kichwa kama ofisi inaruhusu. Nyingi zinarudi mtoto akifika mwaka.

Na watasema. "Umenona!" "Uzazi umekukubali." Kwetu wengi wanasema kwa upendo, mashangazi hasa, kwao mama akikonda baada ya kuzaa ndio aibu. Mashangazi wajibu, "Asante mama, mtoto ananyonya vizuri." Mwenzako wa ofisi anayesema kwa ubaya, jibu lile lile, sauti ile ile, alafu umuulize ile ripoti ya Alhamisi imefika wapi.

Ukirudi kupima

Kila miezi mitatu toa futi upime tena uandike na tarehe. Mtoto akianza kula, maziwa yanapungua, na akiacha kunyonya kabisa matiti yanaweza kushuka vikombe viwili kwa muda mfupi, sidiria zote zinakua mifuko. Mimi mwezi wa kumi na sita niliona kiuno kimerudi inchi moja na nusu na makalio yamekataa kurudi, na sidhani yatarudi. Lile lundo la juu ya kabati nilishusha nikajaribu, mbili zikaingia, nyingine nikampa binti wa dada yangu anayeanza kazi.

Ile sketi ya kijivu sasa ilikua inazunguka kiunoni nikitembea. Nikairudisha kwa mzee. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole, kitambaa chote bado kipo, hakukua amekata hata uzi.

"Inchi ngapi leo, mama?"

Nikamwambia moja, na akibakisha nyingine ndani sitajali.